Shuka Lililofuliwa Mara Tisa

Jirani yangu, fundi viatu, aliniuliza siku moja kutoka upande wa pili wa ua: "Mama, samahani, lile shuka kuna mtu amelifia?"

Nikamwambia hapana, Mungu apishe mbali.

"Basi mbona halipumziki? Wiki nzima kamba ni ile ile, shuka ni lile lile. Mimi hapa napaka viatu rangi, na lile shuka likipigwa na jua nashindwa kujua nimeshika cheusi au cha kahawia."

Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Shuka lilikuwa la wifi yangu, dada wa mume wangu, na habari zake haziishi juu ya ua. Fundi viatu ana kazi zake, nikamwacha. Wewe uliyekaa kitako, wacha nikusimulie.

Wifi yangu anaishi nasi tangu mumewe afariki, katika chumba cha uani chenye dirisha moja, kitanda kimoja na pasi tatu. Amefua nguo za hospitali kwa miaka ishirini na nane. Kazini wanamwita Bi Buluu, kwa sababu ya ule unga wa buluu unaotiwa kwenye maji ya kusuuzia ili nguo nyeupe ing'are. Wengine hutia kijiko kizima. Yeye hutia kwa ncha za vidole, jicho moja amelifumba, kama mtu anayetia chumvi kwenye chakula cha wakwe. Niliwahi kumwona mgonjwa analetewa shuka lililotoka mikononi mwake; alilitazama, akaangalia miguu yake, akauliza kama hakuna la watu wa kawaida.

Ni mtu mwema sana, lakini kwa uchafu hana msamaha. Mgeni akiingia na mstari kwenye kola, wifi huisalimu kola kwanza, mwenye kola baadaye. Mume wangu, kaka yake wa tumbo moja, huvua shati mlangoni kabla hajaulizwa.

Mwaka jana mgongo wake ukagoma. Aliinama kuchukua beseni la mapazia asubuhi, akabaki vile vile mpaka wenzake wakaja kumnyoosha. Daktari akaandika karatasi: asiiname, asinyanyue kizito. Wifi akaipeleka karatasi kwa katibu wa hospitali, bwana mmoja mpole mwenye meza iliyozama kwenye mafaili. Katibu akaisoma mara mbili.

"Bi Buluu," akasema, "kazi nyepesi ninayoijua hapa ni yangu, na bado naihitaji."

Kisha akakumbuka jambo. Akafungua kabati, akatoa kamera. Karani aliyekuwa akiwapiga wafanyakazi picha za vitambulisho alikuwa amehamishwa, na vitambulisho vya zamani vilikuwa vimechakaa. Katibu akaipima kamera mkononi. "Hii haifiki hata kilo. Na hakuna haja ya kuinama."

Wakakubaliana hivi. Awapige wafanyakazi wote, mia moja arobaini na wawili, kabla mwezi haujaisha. Picha zikitoka vizuri, atakaa masjala kwenye kiti, na kamera na kadi za wagonjwa, hiyo miaka mitatu iliyobaki mpaka astaafu. Zikiharibika, ataitwa mpiga picha kutoka nje, na yeye atapewa barua ya kupumzishwa nyumbani.

"Wifi," akaniambia jioni ile, "mimi nikikaa nyumbani nitafua mpaka kuku."

Nilicheka, lakini nilijua. Tangu afiwe, pale hospitali ndipo mahali ambapo watu wakimwona asubuhi wanauliza amelalaje. Nikamwombea.

Kamera alikuja nayo imefungwa kwa taulo mbili, kama mtoto aliyetoka kuzaliwa. Mimi ndiye niliyekalishwa kitini ajifunzie. Picha kumi za kwanza zote zilikuwa za kidole chake gumba. Kumi zilizofuata zilikuwa za dari, na moja ilikuwa na sikio langu la kushoto, nalo alilisifia. Aliishika kamera kwa ncha za vidole, mikono ameinyoosha mbele, kama anayetoa panya aliyekufa kabatini.

Ndani ya boksi lililokuja nayo kulikuwa na kijitabu chenye maandishi madogo kama sisimizi, lakini kilikuwa na michoro, na kwa michoro tukaelewana nacho. Kwanza kamba, shingoni, kabla ya jambo lolote lingine. Mkono wa kulia unashika mwili wa kamera, kiganja cha kushoto kinaibeba lenzi kwa chini. Viwiko vinabanwa ubavuni. Mguu mmoja unatangulia. Na kile kitufe cha kupigia kina ngazi mbili: unakibonyeza nusu, kamera inatafuta uso na kulia "pi"; ndipo unamalizia, taratibu, huku unatoa pumzi.

"Kumbe ni kama pasi," wifi akasema. "Ukikurupuka, unaunguza."

Siku ya tatu nilitoka na masikio yote mawili na kichwa kamili. Sufuria yangu iliungua jikoni, lakini tulimshukuru Mungu.

Jumatatu akaanza kazi. Masjala ni chumba kidogo chenye dirisha kubwa upande mmoja na ukuta uliobanduka rangi upande wa pili. Ukuta ule haukumpendeza. Akachagua shuka moja katika mashuka yake, lile analojua mwenyewe kuwa ni bora kuliko yote, akalitundika nyuma ya kiti. Akazungusha gurudumu la juu ya kamera mpaka kwenye alama ya kijani, ambayo kijitabu kilisema kamera itafikiri yenyewe. Akamwita wa kwanza, mlinzi wa geti.

Mlinzi ni mtu wa kifua, na sharubu zake anazichana kwa kitana kidogo anachokiweka mfukoni. Akakaa, akazichana, akatulia. Pi. Kacha. Wote wawili wakainamia kioo cha nyuma ya kamera.

Shuka lilikuwa la kijivu, kama maji ya kuoshea vyombo. Mbele yake kulikuwa na giza lenye umbo la mlinzi, macho mawili na vifungo vya shaba.

"Bi Buluu," mlinzi akasema polepole, "hiki ni kitambulisho cha nani?"

"Chako."

"Hapa hata mke wangu angeniambia nijitambulishe. Sharubu ziko wapi?"

"Zipo. Zimejificha."

Akafuata mpishi mkuu wa jiko la wagonjwa, akafuata mkunga, wakafuata wafagiaji wawili. Wote giza. Mtu mwingine yeyote angesema kamera mbovu. Wengine wangesema watu ni weusi, na kweli mpishi alisema hivyo juu ya mkunga, na mkunga juu ya mpishi. Lakini wifi yangu hakuona nyuso. Jicho lake liliganda kwenye kitu kimoja: shuka lake lina rangi ya kijivu. Miaka ishirini na nane hajawahi kuambiwa hivyo na binadamu, na leo anaambiwa na mashine.

Akalitungua ukutani kimya kimya, akalikunja ndani ya mkoba, akaja nalo nyumbani. "Usimwambie mtu," akanionya. "Lina kitu."

Nililigeuza juani pande zote mbili. "Mimi silioni, wifi."

"Na mimi silioni. Kamera imekiona."

Akalifua. Kesho yake akalitundika, akapiga, kijivu. Akarudi nalo, akalichemsha. Kijivu. Akalisugua kwa ndimu na chumvi, akalianika juani mpaka likakakamaa kama bati. Kijivu, na nyuso zikazidi kuwa giza. Akaongeza buluu. Ilikuwa ajabu: kadiri shuka lilivyong'aa kwenye kamba, ndivyo watu walivyopotea kwenye picha.

"Kamera hii inaona mpaka dhambi," akasema siku ya tano, amekata tamaa.

"Hiyo kazi ina mwenyewe," nikamwambia. "Usiipe kamera."

Kilichonisumbua mimi kilikuwa mgongo wake. Alikatazwa kuinamia beseni kazini, akaja kuliinamia nyumbani. Tuligombana, tena kwa sauti, na mwisho tukapatana kwamba mimi nifue, yeye akae kwenye stuli aelekeze. Sikujua nimejitakia nini. "Sugua ncha! Ncha ndizo zinazosema!" "Wifi, hapo unasugua au unabembeleza?" "Geuza, geuza, huyo si mgonjwa!" Ndiyo siku hiyo fundi viatu aliniuliza lile swali lake.

Shuka liliposhindikana, akageukia watu. Alijaribu kwanza ile taa ya kamera yenyewe, flashi. Kila mtu akatoka na taa ya pikipiki kwenye paji la uso na kivuli kikubwa begani kama mwizi aliyejificha nyuma yake. Akaizima. Siku ya tisa akaja na kopo la poda. Akampaka mpishi mkuu uso mzima, akawapaka wauguzi watatu waliokuwa wanasubiri kwenye benchi, na ndipo katibu alipofungua mlango.

Katibu aliwatazama mmoja mmoja. "Kuna maigizo?" akauliza.

"Ni kazi, bosi," mpishi akajibu, na poda ikamdondokea kifuani.

Katibu akaomba aone picha. Akaziona. Akairudisha kamera, akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma niliposimuliwa: "Mama, Ijumaa nitapita tena. Nataka nione hata ishirini tu ambazo mtu unamjua ni nani. Nisipoziona, Jumatatu itabidi nimwite mtu wa nje. Si kwa kupenda."

Ilikuwa Jumanne.

Jioni ile wifi hakula. Tulilifua shuka mara ya tisa, yeye kwenye stuli, mimi kwenye beseni. Hakuniambia hata nisugue ncha.

Sasa lazima nikueleze habari za Mzee Mifupa. Huyu ni mtaalamu wa eksirei, mtu mrefu mkavu, jina lake analistahili kwa kazi na kwa umbo. Yeye na wifi yangu walikuwa hawajasalimiana kwa miaka kumi na moja. Chanzo ni koti. Makoti yake meupe yalikuwa yanakuja kufuliwa na madoa ya kahawia kwenye mikono yote miwili, mpaka kwenye kiwiko, na madoa yale hayakutoka kwa sabuni wala kwa maombi. Wifi alihesabu hiyo kama dharau. Siku moja akalitundika koti lile kwenye ukuta wa chumba cha kufulia, akabandika karatasi: MWENYE HILI ASILE AMELIVAA. Hospitali nzima ilikwenda kusoma. Tangu hapo Mzee Mifupa alituma makoti yake kwa watu, na wakikutana kwenye korido kila mmoja alikuwa anakumbuka amesahau kitu alikotoka.

Jumatano orodha ya wa kupigwa picha ilifika kwake. Mimi nilikuwepo, nilimpelekea wifi chupa ya maji ya moto ya kuweka mgongoni. Mzee Mifupa akaingia, akanisalimu mimi, akalisalimu shuka, akakaa. Wifi akapiga bila neno. Mzee akanyoosha mkono apewe kamera. Akaiinua juu kuelekea dirishani, kama anavyotazama picha za vifua vya watu, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Najua," wifi akasema. "Shuka chafu. Cheka umalize."

"Chafu?" Akafuta machozi kwa mkono wa koti, ule wenye madoa. "Bi Buluu, hapa tatizo ni kwamba shuka lako ni safi mno."

Wifi alidhani anasutwa. Nilimwona anavyovimba. "Mzee, kama umekuja kulipiza..."

"Sijalipiza bado. Hii dawa yake ni dakika kumi, na mimi ninayo. Nimepima mwanga miaka thelathini. Nitakufundisha. Lakini utangulie wewe. Uje chumba cha kufulia, mbele ya wenzako wale wale waliosoma karatasi, useme kwamba mimi si mchafu."

"Bora nirudi nyumbani nikafue kuku."

"Haya," Mzee Mifupa akasema, akatoka.

Tulibaki na lile shuka. Nikamwekea chupa ya maji vizuri mgongoni. Mimi si mtu wa kufundisha watu, darasa la saba ndipo nilipoishia, lakini lilinijia neno nikaona nisilimeze. "Wifi, siku tisa tumefua kitu kisicho na uchafu, kwa sababu tuliona rangi tukadhani uchafu. Je, na lile koti?"

Akaligeukia dirisha. Akaniambia chai yangu ya nyumbani inapoa, niende.

Alhamisi saa mbili asubuhi, akiwa ameshawauliza wauguzi madoa yale ni ya nini, alikwenda chumba cha kufulia. Wenzake walikuwa kazini, mashine mbili zinanguruma, mvuke umejaa. Mzee Mifupa alikuwa amesimama mlangoni na koti lake mwilini, amekuja mapema asikose. Wifi akasimama katikati, akasema jambo akiangalia sakafu.

"Sikusikia," Mzee akasema. "Mashine."

"Zimeni mashine!" wifi akapaza sauti. Zikazimwa. Ukawa ukimya ambao, wenzake wanasema, haujawahi kuonekana mle tangu jengo lijengwe. "Nilisema hivi. Yale madoa ya mikononi si uchafu. Ni dawa ya kusafishia filamu za eksirei, imemrukia miaka na miaka kwa ajili ya wagonjwa. Nilimtundika mtu bila kumuuliza. Anisamehe."

Mzee Mifupa akatikisa kichwa, ameridhika. Kisha tamaa ikamwingia. "Na kwenye kola?"

"Kola ni uchafu," wifi akasema. "Nilikuja kwa ajili ya mikono tu."

Kicheko kilichopigwa mle kilisikika wodi ya wazazi. Naye mzee akacheka, akaishika kola yake, akakiangalia kidole, akasema hiyo ni kweli. Wakaongozana masjala.

Maneno aliyomwambia wifi ameyakariri, nami ameniambia mara nyingi, kwa hiyo nayajua. "Kamera ni mjinga mwenye adabu," mzee alisema. "Imefundishwa jambo moja: kwamba dunia ukiichanganya yote pamoja, vyeupe na vyeusi, inatoka rangi ya jivu. Kila unachoielekezea inataka kukifanya jivu. Sasa wewe umeijazia shuka jeupe kila kona. Inashtuka: lo, mwanga umezidi! Inafumba jicho. Shuka linakuwa jivu, kamera imefurahi, na yule masikini aliyekaa kitini anabaki gizani. Ungetundika blanketi jeusi ingefanya kinyume, ingemchoma mtu kwa mwanga."

"Kwa hiyo nilipokuwa nalitakatisha..."

"Ulikuwa unazidi kuitisha."

Wifi akakaa. "Siku tisa," akasema. "Na buluu pakiti mbili."

Mzee akamwonyesha alama ndogo ya kujumlisha na kutoa. Gurudumu likitolewa kwenye kijani na kuwekwa kwenye P, alama ile unaweza kuitumia kuiambia kamera: hapana, najua unachoogopa, ongeza mwanga. Mlinzi akaitwa tena. Na hapa wifi yangu akakosa kiasi. Mtu aliyetukanwa kijivu siku tisa, ukimpa kifaa cha kuongeza weupe, ataishia wapi? Akazungusha mpaka mwisho, tatu nzima.

Mlinzi akaiona picha. Shuka lilikuwa jeupe kabisa, na yeye pia. "Mama," akasema, "sasa nimekuwa malaika. Mimi bado nina watoto wa kusomesha."

"Lakini shuka umeliona?" wifi akauliza.

"Mikunjo yake iko wapi?" Mzee Mifupa akamuuliza.

Akatazama. Kweli, shuka lilikuwa weupe mtupu, kama si kitambaa. Hakuna mkunjo, hakuna alama ya pasi. Hapo wifi akaelewa bila kufundishwa zaidi, maana mkunjo ni mambo yake. Akarudisha gurudumu, mbili, bado mikunjo imeungua. Moja na nusu, mikunjo ikaonekana, myepesi, myeupe juu ya weupe. Na mbele yake akatokea mlinzi, na mashavu yake, na kovu la utotoni, na sharubu ambazo ungeweza kuzihesabu.

"Huyu namjua," mlinzi akasema.

Mzee Mifupa hakuishia hapo. Akamwambia alama ile ni ya kubembeleza tu. Mwenye nyumba lazima ajue kuendesha mwenyewe, kwa herufi M, ambapo kamera haiulizwi. Kuna mambo matatu, akasema: tundu la lenzi, muda wa kufunguka, na ule wepesi wa kuhisi mwanga ulioandikwa kwa herufi I, S, O. Wifi alimsikiliza, kisha akamkatiza ili ayaseme yeye mwenyewe.

"Ni kuloweka," akasema. "Tundu ni maji ya moto. Ukiliachia wazi sana, kazi inakwenda haraka, lakini kitu kinachujuka: pua inaonekana, masikio yanakuwa ukungu. Muda ni muda wa kuloweka. Ukizidisha, mtu anacheza, anatoka na pua mbili. Hiyo ISO ni sabuni. Maji yakiwa machache unaongeza sabuni, lakini ukizidisha haisuuziki, nguo inabaki na chengachenga."

"Nimefanya kazi miaka thelathini," Mzee Mifupa akasema, "sijawahi kuisikia hivyo."

"Ni kwa sababu hufui kola."

Kwa mwanga wa dirisha lile wakapatana: tundu tano nukta sita, muda sehemu moja ya mia na ishirini na tano ya sekunde, ISO mia nane. Wifi akaandika kwenye kipande cha boksi la sabuni, akakibandika pembeni ya dirisha. Shuka ni lile lile, kiti ni kile kile, mwanga ni ule ule, kwa hiyo awe mkunga au mfagiaji, hakuna kubadilisha. Wingu likifunika ndipo unagusa. Poda akampa mpishi, naye alishaizoea.

Ijumaa asubuhi akaanza na wale wa foleni. Aliyempa kazi ni tarishi, mzee wa kukubali, anayeitikia kila kitu kwa kichwa. "Tulia, mzee." "Ndiyo," na kichwa kinakwenda. "Usitikise kichwa." "Sawa, sitikisi," na kinakwenda tena. Picha ikatoka na pua mbili na ndevu nne. Wiki moja kabla, wifi angemfunga kwa kamba ya nguo. Sasa akafikiri kama fundi: akapunguza muda nusu, sehemu moja ya mia mbili na hamsini, na kwa kuwa mwanga nao umepungua nusu, akaongeza sabuni mara mbili, elfu moja na mia sita. Tarishi akaendelea kukubali, na kamera ikamkamata katikati ya ndiyo mbili, ametulia kama sanamu. Chenga zilikuwapo kidogo shavuni. Mwenyewe alisema ni umri.

Katibu akaja saa nane mchana. Zilikuwa picha thelathini na moja, si ishirini. Alizipitia moja moja bila haraka, wifi amesimama, mkono mmoja kiunoni. Ya mwisho ilikuwa ya katibu mwenyewe, aliyopigwa asubuhi ile alipopita kuchukua faili. Akaitazama kuliko zote.

"Kumbe nimezeeka hivi," akasema.

"Ni mwanga tu, bosi," wifi akamfariji. "Umefika wa kutosha."

Katibu akacheka, ndiyo mara ya kwanza kucheka wiki ile. Akavuta kile kiti cha masjala, akakigeuza kuelekea kwake. "Kaa, mama. Ni chako."

Alikaa. Aliponisimulia jioni hakuniambia habari za picha; aliniambia kiti kina mto, na mto umefunikwa kwa kitambaa ambacho Jumatatu atakuja nacho akifue.

Kazi nzima ilimalizika kabla ya mwezi kwisha, na vitambulisho vikagawiwa. Jumatatu iliyofuata wifi alifika getini, mlinzi akamzuia kwa kiganja.

"Kitambulisho, mama."

"Wewe! Si mimi niliyekupiga?"

"Na nashukuru. Kitambulisho."

Alikuwa amewapiga mia moja arobaini na mmoja, akamsahau mmoja. Akanitumia salamu niende upesi, na mlinzi akaniruhusu mimi kuingia kwa kitabu cha wageni, huku mwenye kazi akisubiri nje kwenye benchi mpaka Mzee Mifupa alipokuja kumdhamini. Wifi akapanga kila kitu mwenyewe, akanivika kamba ya kamera shingoni, akanibana viwiko, akasogeza mguu wangu wa kushoto mbele kwa mguu wake. Akakaa mbele ya shuka. Picha ya kwanza ilikuwa ya kidole changu gumba. Ya pili ilikuwa ya dari. Hakunicheka, alisema mkono ni mzuri, utazoea. Ya sita ikatoka na uso wake wote, mpole, macho wazi, na mikunjo ya shuka nyuma yake myeupe juu ya weupe.

Nikampa kamera aitazame. Aliitazama, akasema itafaa. Kisha akanirudishia, akavuta kiti nyuma hatua moja, akakaa tena na kuipandisha mikono yake juu, akaiweka kifuani, ile mikono ya miaka ishirini na nane ya maji na sabuni, kucha zimelika, viganja vimepauka.

"Hiyo ni ya hospitali," akasema. "Sasa nipige moja ya kwangu, wifi, na mikono ionekane."